Ndovu Ambao Sikuwaona

Kwa miaka mingi niliijua Kenya yote bila kuinuka kwenye kiti. Nilikuwa fundi wa redio mjini Kitale, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko, na redio ikishatengenezwa lazima uiache iongee kutwa nzima ili ujue kama imepona kweli. Basi mimi nilikaa katikati ya redio nne, tano, zote zikiongea, nikisikia habari za kilimo, matangazo ya vifo na vipindi vya shule. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba maji ya mto Nzoia, yale yale yanayopita chini ya daraja pale Moi's Bridge, huingia ziwani, yakatoka na mto Naili, yakaenda mpaka Misri. Nilipomweleza mke wangu alikuwa anafua, na hakuinua hata kichwa.

"Basi yape na soksi zako," akasema. "Wamisri wazifue."

Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne na jiografia niliipenda sana, mradi ikae kitabuni. Kutoka kwetu karibu na Mabanga, Bungoma, hadi Kitale ni safari niliyoifanya nikiwa kijana, nikaona imetosha. Nilirudi kwa matanga na Krismasi tu. Niliwaeleza wateja kwamba kwenye kinamasi cha Saiwa kuna swala anayeitwa nzohe, ambaye akiogopa huzama majini akaacha pua peke yake juu. Saiwa ni hapo tu. Akina mama wa upande huo walikuja sokoni kila siku na mboga zao, wakarudi kwao kabla jua halijazama. Mimi sikuwa nimefika. Lakini wateja waliniita Profesa, na cheo kama hicho ukishapewa huanzi kukikagua.

Sasa nije kwenye ndovu.

Mtu mmoja kutoka Mlima Elgon aliniletea redio iliyoingia maji. Alipokuwa akingoja alinihadithia kwamba kule juu kuna pango, na ndovu huingia ndani yake wakifuata chumvi iliyo kwenye mwamba. Huingia katika giza totoro, mama na watoto, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha huubomoa ukuta kwa pembe zao na kuutafuna. Nilisahau hata kumlipisha. Ndovu wachimba madini! Hapo hapo kwenye mlima tunaouona kila asubuhi tukipiga mswaki.

Juma hilo binti yangu alishikwa na malaria. Alikuwa na miaka minane hivi, amelala na blanketi mbili, mvua ya mchana ikipiga mabati, akaniomba hadithi. Nikampa ya ndovu. Lakini hadithi ya mtu fulani aliyeambiwa na mtu fulani haimsisimui mtoto mwenye homa, kwa hiyo nikajiingiza mwenyewe. Nikasema nilikuwa humo pangoni. Nilijificha nyuma ya jiwe kubwa. Ndovu mama alipita karibu nami hadi pumzi yake ikanipuliza shati. Mtoto alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Ungekuwa wewe ungeacha hapo? Mimi nikaongeza na ndovu mdogo aliyeteleza.

Alipona. Hadithi ikabaki. Kila mwaka aliniomba niirudie, na kila mwaka jiwe liliongezeka ukubwa. Mke wangu, aliyejua vizuri kwamba sijawahi kufika hata Endebess, aliondoka akaenda kusonga ugali.

Miaka ikapita, mtoto akafika darasa la sita, nafikiri themanini na nane au tisa. Ijumaa moja alirudi kutoka shuleni akaweka daftari lake la insha juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya misumari na nyaya. Mada ilikuwa maajabu ya nchi yetu. Sentensi yake ya kwanza ilisema: Baba yangu aliwaona ndovu wakila mlima. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, neno moja: Uongo.

"Amenilazimisha niisome mbele ya darasa," akasema. "Wakacheka mpaka wengine wakaanguka. Sasa wananiita Ndovu. Mwalimu amesema Jumatatu nisimame mbele niseme ni uongo, halafu yaishe."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sisemi. Si wewe uliona?"

Redio zote zilikuwa zinaongea, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kesho tutaenda. Utajionea mwenyewe, umwambie huyo mwalimu wako." Nilijiambia kwamba nikimfikisha pangoni, uongo wangu utajigeuza kweli njiani, polepole, bila mtu kugundua.

Mke wangu alitufungia viazi vitamu. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria inayokaribia kufurika.

"Njia unaijua?"

"Si ni juu tu?"

"Haya, Profesa."

Pale Endebess, chini ya mlima, nilimkuta mtu mlangoni pa kinu cha posho, amejaa unga hadi kope. Nikamuuliza pango liko wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza posta iko wapi.

"Unataka lile la hapo juu?" akauliza.

Mtu mwenye akili angemuuliza, kwani yako mangapi? Mimi nikajibu, "Ndiyo, hilo hilo," kama mwenyeji. Sikujua kwamba mlima wote umetobolewa mapango. Katika hadithi ya yule mwenye redio lilikuwa pango moja.

Tulipanda saa mbili nzima, tukipita mashamba ya mahindi, kisha viazi, kisha vichaka. Mara ya tatu niliposimama kutafakari njia panda, binti yangu akaniuliza, "Baba, si ulikuja hapa?"

"Njia zimebadilika."

"Na mlima pia?"

Pango lilikuwepo, kweli. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko kanisa letu, na maji yalidondoka kutoka juu kama pazia la shanga. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Nilipowasha tochi yangu, iliyokuwa na betri mpya, hata mimi nilisogea karibu: kuta zilikuwa zimechanjwa alama kila mahali, ndefu, zenye kina, moja juu ya nyingine.

"Unaona?" nikamwambia. "Pembe hizo. Gusa."

Akagusa. Akapitisha vidole vyake vyote vitano katika alama moja, akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile tena. Nilikuwa mkubwa kuliko ndovu mwenyewe.

Ndipo tuliposikia kicheko. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kando ya mlango, mahali pakavu, anafunga mzigo wa nyasi za ng'ombe. Tulikuwa tumempita bila kumwona.

"Pembe gani, baba?" akasema. "Hiyo ni shoka ya mama yangu."

Tukamsalimia, ikabidi tukae. Alisema alizaliwa humo humo pangoni. Familia yao ililala upande huu na ng'ombe upande ule, wakati wa mvua na wakati wa vita vya kuibiana mifugo. Mwamba ule una chumvi, na wazee wake waliuchimba kwa shoka, wakausaga, wakawapa ng'ombe. "Ng'ombe bila hiyo, maziwa inakuwa maji tu," akasema. Alinyofoa kipande ukutani akampa binti yangu alambe. Mtoto akalamba, akakunja uso, akalamba tena.

"Na ndovu?" akauliza.

"Ndovu iko na pango yake, huko ndani ya msitu ya serikali. Sisi tulichimba hapa, wao wanachimba huko. Nikiwa msichana nimesikia, tukienda kuni. Unasikia jiwe inalia, krr, krr. Unakimbia! Siku hizi sijui. Watu ya bunduki wamewamaliza sana."

"Baba yangu aliwaona," binti yangu akasema, kwa fahari.

Mama mzee akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka tu kujua, kama jirani anavyouliza. "Eh? Uliona wapi? Wako wengi bado?"

Ningeweza kusema wengi. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini mama yule aliuliza kama mtu anayeuliza habari za watu wake, na nikaona kwamba nikimjibu nitakuwa nimewahesabu ndovu wake wafu miongoni mwa walio hai.

"Sikuona," nikasema. "Mtu alinihadithia, akingojea redio yake."

Maji yaliendelea kudondoka mlangoni. Binti yangu aliuliza bila kupandisha sauti, na ningependelea apige kelele.

"Na ile pumzi?"

"Sikuisikia."

"Na lile jiwe?"

"Hakuna jiwe."

"Na mdogo aliyeteleza?"

"Huyo nilimtunga kwa sababu ulitabasamu."

Kisha, "Na nzohe wa Saiwa?"

"Sijafika Saiwa."

"Basi wewe umeona nini?"

Jamani, swali hilo. Nilipekua kichwa changu chote, nikakuta sauti za watangazaji tu. Mwishowe nikasema, nikiona haya, kwamba nimeona kumbikumbi wakidanganywa.

"Wakidanganywa vipi?" akauliza mama mzee, akaacha nyasi zake.

Nikawaeleza. Kwetu Mabanga, msimu wao ukifika, watu hujenga kibanda kidogo cha vijiti na majani juu ya kichuguu, wakaacha tundu moja lenye shimo mbele yake. Kisha mnakaa na vijiti viwili viwili, mnagonga kigogo kando ya kichuguu, haraka haraka, pamoja, bila kupumzika. Chini kule kumbikumbi wanadhani mvua imenyesha. Wanatoka wenyewe, maelfu, na mabawa yao mapya, tayari kuruka, wanamwagika shimoni. Unakula wengine hapo hapo. Mimi ndiye niliyekuwa mgongaji, kwa sababu kazi ile hufanywa ukiwa umekaa. Niliokota vijiti viwili nikawaonyesha kwenye jiwe, na mlio ukajaa pango lote mpaka popo wakasogea.

Mama mzee alishika shavu. "Mnadanganya mdudu ati ni mvua!" Maisha yake yote hakuwa amesikia. Mimi nilishangaa kwamba alishangaa. Nilidhani kila mtu duniani anajua jambo hilo. Halikuwahi kutangazwa popote, basi sikulihesabu kuwa habari.

Binti yangu peke yake hakushangaa. Alikuwa akitazama vijiti mikononi mwangu.

"Kwa hivyo mimi ni kumbikumbi," akasema.

Tulishuka mlima. Viazi vitamu tulirudi navyo, pamoja na kile kipande cha mwamba.

Jumatatu nilifunga kibanda, nikavaa koti la matanga, nikaenda naye shuleni. Hakuniomba niende; alitembea hatua kumi mbele yangu. Mwalimu wake alikuwa kijana mstaarabu, akashtuka kidogo kuniona, akanipisha nisimame pale binti yangu alipotakiwa kusimama. Darasa la sita lina macho mengi. Nikawaambia kwamba uongo upo, ila si wake, ni wangu: mimi sikuwaona ndovu. Wakacheka. Nikasema kwamba ndovu wenyewe si uongo, kuna mama aliyewasikia, na hata watu waliuchimba mwamba huo huo. Nikatoa kile kipande cha jiwe. Mwalimu alikilamba kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa, akakilamba tena kama binti yangu alivyofanya, kisha kikapita dawati hadi dawati, midomo arobaini na zaidi. Nilishukuru kwamba afisa wa afya hakuwepo.

Kisha nikawaeleza za kumbikumbi. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Kwani kumbikumbi wana masikio?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa neno geni kinywani mwa Profesa.

Mwalimu alichukua daftari la binti yangu, akakata lile neno Uongo, akaandika kando yake: Nusu. Akamwambia aandike insha upya. Aliiandika nyumbani jioni hiyo, akiwa ameukinga ukurasa kwa mkono. Niliisoma baadaye, bila ruhusa. Ilianza hivi: Baba yangu hajawahi kuona ndovu.

Wiki nyingi zilipita kabla hajaniuliza kitu chochote tena. Nikisema jambo lolote mezani, hata kwamba sukari imepanda bei, aliuliza, "Umeona au umesikia?" Mke wangu alilipenda sana swali hilo akaliazima. Mwishowe nikazoea kujibu kabla sijaulizwa: hili nimesikia, hili nimeona. Nilichoona kilikuwa kidogo mno, kwa kweli, lakini nilipoanza kukipanga nikakuta kila kitu kina uzito wake.

Katikati ya miaka ya tisini alikuwa amemaliza sekondari, akaja kutuona. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimekwenda Saiwa, peke yangu, bila kumuaga mtu. Nilikaa kwenye jukwaa la mbao kuanzia asubuhi hadi njaa iliponishika, nikitazama mafunjo. Nikamsimulia hayo mezani.

"Na nzohe?" akauliza.

Alikuwa ameacha kula. Nikajua anachongoja si nzohe.

"Kwa muda mrefu, hakuna. Halafu kama saa tano hivi nikaona pua majini. Pua, au kigogo. Sijui, mwanangu. Kilizama nilipokohoa."

Alinitazama, akifikiria. Kisha akasogeza bakuli la mboga upande wangu.

"Hiyo naamini," akasema. "Hebu nieleze hicho kigogo kilikuwaje."