Kazi Isiyovuka Kizingiti

Siku wazee walipokuja kumtazama Remani, hakuna aliyemuuliza kama anajua kupika. Bibi Kamalakshi, mama wa mwanamume, alikunywa chai yake taratibu, akatafuna vipande vya ndizi vya kukaanga, kisha akauliza jambo moja tu: je, ni kweli binti huyu anaandika kwenye kompyuta maneno ya madaktari wa Marekani, na ni kweli kazi hiyo anaweza kuifanyia nyumbani? Alipoambiwa ni kweli, akaweka kikombe chini. Posa ikawa imekubaliwa. Mke aletaye mshahara bila kuvuka kizingiti ni sawa na ng'ombe anayekamuliwa sebuleni, na pale Ottapalam, kusini mwa India, ng'ombe wa namna hiyo walikuwa wachache.

Wakampa chumba kidogo nyuma ya jiko, kilichokuwa cha kuwekea mpunga. Kule ng'ambo daktari akimaliza kumpima mgonjwa husema kwenye kinasa sauti alichokiona, na sauti hiyo husafiri mpaka kwa mtu kama Remani, aiandike yote. Kuna daktari aliyekuwa akisema huku anatafuna. Kuna mwingine alisemea garini, honi zikipiga. Kuna mmoja mzee Remani alimjua kwa kikohozi chake. Miaka sita walikuwa pamoja, kisha siku moja kikohozi kikakoma na hakuna aliyemwambia yule mzee amekwenda wapi. Hata wagonjwa walikuwa hivyo hivyo. Unaandika kwamba mama fulani ameanguka tena, mkono umevunjika, anaishi peke yake, halafu basi. Mwisho wa hadithi ya mtu huletewi kamwe.

Chini ya meza palikuwa na kikanyagio. Ukikikanyaga mbele sauti inakwenda, ukikikanyaga nyuma inarudi ili usikie tena. Mguu wa kulia wa Remani ulikizoea hata Bibi Kamalakshi alipokuwa akimfokea jikoni, ule mguu uligonga sakafu wenyewe, kana kwamba maneno yale yangeweza kurudishwa yalikotoka.

Na kazi ile ilikuwa na sheria yake ya kwanza, ambayo Remani aliipenda kuliko kitu chochote nyumbani mwa mumewe: usichokisikia, usikijaze kwa akili yako. Acha pengo, weka alama, na mwenye maneno atarudi aseme mwenyewe alisema nini. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyewahi kumngoja mwenzake aseme mwenyewe.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Kila mgeni alionyeshwa kile chumba. Sasidharan, mumewe, aliyekuwa karani wa benki ya ushirika, alipenda kusema kwamba mke wake anazungumza na Marekani kila siku, na Remani akatabasamu. Alijua ni kilemba cha ukoka anavishwa, lakini hakuwa na kingine cha kuvaa, akakivaa.

Kisha sikio la kulia likaanza kuvuma. Mwaka ulipokwisha, likazima kabisa. Remani hakumwambia mtu. Aligeuza kichwa, akaongeza sauti, akakaza sikio lililobaki, lakini mapengo yakazidi katika maandishi yake, na msimamizi akayaona. Akaandikiwa kwamba kuanzia sasa mashine ndiyo itakayoandika, yeye atasahihisha makosa ya mashine, kwa nusu ya malipo. Nalo hilo hakulisema. Mficha maradhi kilio humfichua, sawa, lakini kabla kilio hakijafika mtu bado anapika, anafua na anasifiwa mbele ya wageni.

Hapo ndipo binti yake wa pekee, Athira, alipopata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha Mangaluru, mji wa mbali. Jibu lilitakiwa kufikia Ijumaa. Bibi Kamalakshi alisema hakuna mjukuu wake atakayeosha matako ya watu asiowajua. Sasidharan, kama kawaida yake, akasema tutaona. Na kuona kwenyewe kukawa kumwita binamu yake Prabhakaran, mwenye shule ya kufundisha ile ile kazi ya Remani pale mjini, aje Jumapili wazungumze habari ya kumpeleka Athira huko.

Jumamosi, Athira alimfuata mama yake kisimani.

"Amma, bibi hawezi kukubishia kwenye hili. Wewe ndiye unayeijua kazi. Sema tu hainifai."

"Nitasema."

"Mbele yao?"

"Nimekwambia nitasema, mwanangu."

Prabhakaran alikuja na fenesi begani na maneno mengi mdomoni. Akaeleza jinsi wanafunzi wake wanavyopata kazi hata kabla ya kumaliza mafunzo, asitaje mashine hata kwa bahati mbaya. Bibi Kamalakshi akasema huyu mtoto si anataka mambo ya hospitali? Basi hiyo ni hospitali isiyo na damu, na mume mwema atapatikana upesi. Mfano si upo ndani ya nyumba?

"Shemeji," Prabhakaran akamgeukia Remani, "mimi sina haja ya kubandika matangazo. Tangazo langu ni wewe."

Wakacheka. Athira hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia, macho kwa mama yake.

"Haya Remani," akasema Sasidharan, "wewe ndiye mjuzi. Inamfaa au haimfai?"

Alilisikia swali lote, maana mumewe alikuwa ameketi upande wa sikio zima. Jibu alikuwa nalo. Lakini akisema haimfai wangeuliza kwa nini, na hapo angelazimika kulitoa sikio mezani, na nusu ya mshahara, na msimamizi, na kile kilemba kingeanguka mbele ya mwenye fenesi. Na lilikuwapo lingine, baya zaidi, nami silifichi: Athira akienda Mangaluru, Remani angebaki mchana kutwa peke yake na Bibi Kamalakshi mpaka mmoja wao afe. Mguu wake ukagonga sakafu. Ukagonga tena. Alitaka swali lirudi nyuma kidogo tu, apate pumzi.

"Asiyekataa amekubali," akasema Bibi Kamalakshi.

"Basi imekwisha," akasema Sasidharan. "Mama yake ameridhia."

Wakakata fenesi.

Jioni, jikoni, Athira alimuuliza mama yake kama alilisikia lile swali. Remani akajibu kwamba hakulisikia vizuri. Athira akamtazama mpaka chapati ikaungua, kisha akachukua ndoo akatoka. Ijumaa ikaja ikapita, na nafasi ya Mangaluru akapewa mtu mwingine.

Sasa Athira anakwenda shule ya Prabhakaran asubuhi, na mchana anafanya mazoezi kwenye meza ya mama yake, mguu wake mdogo ukikitafuta kikanyagio. Wiki ya pili Remani alimletea chai mle chumbani. Binti hakugeuka. Sauti ilikuwa imefunguliwa mno hata Remani aliisikia kutoka nje ya hedifoni.

"Wametufundisha sheria ya kwanza," Athira akasema akiwa bado anatazama kioo cha kompyuta. "Usichokisikia usikijaze. Acha pengo, mwenyewe atarudi aseme."

"Naam."

"Wewe uliacha pengo, Amma. Wao wakajaza. Nikakungoja mpaka Ijumaa urudi useme."

Remani aliweka chai mezani.

"Punguza sauti," akasema.

"Nimeizoea hivi."

"Punguza. Mimi sikio la kulia halisikii kitu tangu mwaka juzi. Ni hii kazi."

Athira akavua hedifoni, akamgeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na siku ile? Kwa nini hukuwaambia siku ile?"

Mguu wa Remani ukaanza kugonga sakafu. Athira akautazama ule mguu, akangoja, akaendelea kungoja. Kisha akavaa tena hedifoni, akapunguza sauti, akaendelea kuandika.