Swali Nililoshindwa Kumuuliza Mkwe

Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawali pamoja wala hawaulizani mambo uso kwa uso. Nimelelewa hivyo, na sikuona ubaya wake mpaka siku ile ya Lyamkena.

Pikapu ni yangu. Marehemu mume wangu aliniachia, kadi ikabadilishwa ikaandikwa jina langu. Mkwe wangu ndiye dereva, anatoa viazi Kichiwa kupeleka Makambako. Nikiwa na neno kwake nalipitisha kwa binti yangu, mkewe. Naye hivyo hivyo. Kabla ya msimu wa mbolea nilimwambia binti, "Muulize mumeo kama bima ya gari iko sawa." Akanijibu, "Iko sawa, mama." Nikaishia hapo.

Asubuhi moja nalima, simu ikalia. Binti analia hata maneno hayatoki. Pikapu imemgonga mama mmoja muuza ndizi kando ya barabara, Lyamkena. Mguu umevunjika mara mbili, wamemkimbiza hospitali ya Ilembula. Nikauliza kama yu hai. Yu hai. Niliacha jembe palepale, mpaka leo sijui nani alilichukua.

Kituoni trafiki aliingiza namba ya gari kwenye simu yake, akaguna. "Bibi, bima hii imekufa zamani."

Mkwe alikuwa mwisho wa benchi, ameinama. Nikamgeukia binti. "Muulize mwenzako, si alisema iko sawa?"

Trafiki akacheka. "Bibi, mtu mwenyewe huyu hapa, ukipiga chafya inamfikia! Muulize!"

Nikamuuliza. Mara ya kwanza tangu aoe kwangu.

"Mama, nilimtuma mwenzangu akwambie inaisha. Akasema unajua."

Binti akajifunika uso kwa kitenge. "Nilikuogopa, mama. Ulikuwa mkali na pesa yako ya mbolea. Nikasema tukishavuna nitakwambia."

Trafiki hakucheka tena. Alinieleza taratibu, nami shule yangu ndogo lakini nilielewa kila neno. Bima ingekuwepo, kampuni ingebeba fidia ya yule mama. Haipo, kwa hiyo akienda mahakamani atatudai sisi wenyewe: dereva kwa kugonga, na mimi mwenye gari, ikiwa nilimtuma. Tena kuruhusu gari litembee bila bima ni kosa peke yake. Nikauliza kama wanaweza kuchukua shamba. Akasema mahakama ikiamua nami nikashindwa kulipa, mali hukamatwa. Shamba lile ndilo tunalokula wote, mpaka wajukuu.

Akashika kalamu. "Sasa nijibu vizuri, bibi, naandika maelezo yako. Leo alilichukua gari kwa ruhusa yako, au alilichukua tu?"

Nikaelewa. Nikisema alilichukua tu, mzigo wote unamwangukia yeye. Hakuna aliyeniangalia. Binti alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Sitadanganya, nililifikiria shamba kwanza, kabla ya mguu wa yule mama.

"Nilimtuma mimi," nikasema. "Nilitaka viazi vitoke mapema."

"Ulijua bima imeisha?"

"Sikujua. Ila kadi ina jina langu. Kuhakikisha ilikuwa kazi yangu."

Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Binti alinishikia karatasi.

Tukaenda Ilembula jioni ileile. Yule mama alikuwa amelala, mguu umefungwa mpaka pajani, kucha zake bado zina vumbi la barabarani. Mumewe alisimama mlangoni.

"Mwenye gari ni nani?"

"Mimi, baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimeisikia, mama. Mke wangu akipona asipone, tutaonana mahakamani."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Hati ya kuniita mahakamani haijafika. Kila siku pikipiki ikizima moto karibu na kwangu, naacha ninachofanya, nasimama nyuma ya mlango, nasubiri kusikia nani anabisha hodi.