Piki Inayosikika Mpaka Somalia

Jumapili moja nilimpigia baba upuuzi mtupu kwenye gitaa, makusudi kabisa, naye akaniambia, "Vizuri sana, kijana. Unaendelea."

Ngoja nieleze. Baba ni mwanajeshi, na kwa sasa yuko Somalia na wenzake. Mimi nimebaki Kampala, kwenye vyumba viwili vya kambi upande wa Bugolobi, pamoja na mama na gitaa la baba. Kabla hajaondoka alinianzishia wimbo wa kwao kaskazini, wa zamani, akanifundisha nusu. Nusu ya pili, alisema, atanifundisha kwa simu. Mpango wa kijeshi huo: mdomoni haukuwa na kasoro hata moja.

Hupiga Jumapili mchana, mtandao ukikubali. Mama saa hizo yuko kazini. Ni mlinzi kwenye jengo la ofisi mjini, kazi yake kupekua mikoba ya watu. Kwa hiyo tunakuwa mimi, baba, na simu iliyowekwa spika na kuegemezwa kwenye chupa ya chai. Napiga wimbo, anasema vizuri. Jumapili inayofuata napiga tena, anasema vizuri. Nikaanza kumshuku. Huyu ni mtu aliyewahi kunitandikisha kitanda upya mara tatu kwa sababu ya mkunjo mmoja wa shuka. Tangu lini kwake kila kitu kikawa vizuri?

Ndiyo maana nikampigia upuuzi. Nilikwaruza nyuzi kama kuku anayetafuta mchwa, nikagonga ubao, nikamalizia kwa kulia kama mbuzi. Na bado ikawa vizuri sana, kijana.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu mtandao ukakatika, nyumba ikanyamaza, nami nikaendelea kucheka kidogo kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza moja kwa moja. "Baba, ukweli wa Mungu, unasikia nini?"

Akakohoa. "Ukweli? Nasikia mtu anapiga misumari. Lakini ni misumari ya mtoto yangu."

"Sasa ile nusu ingine utanifundisha aje?"

"Tutaona," akasema. Kwa baba, "tutaona" ni hapana iliyovaa suti.

Misumari ile niliijua. Ilikuwa piki yangu, kile kipande cha kupigia nyuzi, ambacho nilikuwa nimekikata mwenyewe kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Chumbani haikuwa mbaya sana. Ila kwenye simu, mgongano wa plastiki na waya ulimeza wimbo wote, ukabaki tak, tak, tak. Nilihitaji piki ya maana, siyo mabaki ya benki.

Nilianzia soko la Owino, kwa sababu Owino hakuna mtu anayekubali kwamba kitu hana. Mama mmoja wa mashati ya mitumba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita ssebo, yaani bwana, akaingiza vidole kwenye kola ya shati jeupe na kuchomoa kile kiplastiki cha kuinyoosha. "Hii hapa. Iko na ncha, iko laini, iko ya Ulaya." Nilimshukuru. Alitaka ninunue na shati lenyewe.

Duka la vyombo vya muziki nililipata ghorofani, kwenye moja ya zile arkedi, majengo ya maduka madogo madogo, za katikati ya mji. Muuzaji alikuwa kijana Mkenya, kofia imegeuka nyuma. Nilipofungua mdomo tu, akacheka.

"Hiyo Kiswahili umetoa wapi? Hiyo ni ya kambi!"

"Ndiyo kwetu."

Nimezoea. Shuleni wenzangu huniambia Kiswahili ni lugha ya wezi na wanajeshi. Mimi huwajibu kwamba baba tayari ni mmoja wao, na mimi nitajaza ile nafasi nyingine. Darasa zima huanguka kwa kicheko.

Akatoa kikopo, akapanga piki tatu juu ya kaunta. Moja ya nailoni, nyembamba kama kucha. Ya pili ya kahawia, nene, inang'aa, imetoka ng'ambo na bei yake imetoka nayo huko huko. Ya tatu ilikuwa ya pembe la ng'ombe, nene zaidi, kingo zake zimesuguliwa mviringo. Alisema wanaitengeneza hapa hapa mjini wale wanaochonga vikombe vya pembe.

"Jaribu na hiyo gitaa ya ukuta. Lakini usinikatie waya."

Nilipopiga kwa ile ya kahawia, duka lilifunguka. Kila uzi ulisimama peke yake, msafi. Nilijisikia fundi. Mkono wangu mmoja ulikuwa tayari mfukoni, kwenye pesa za chapati zote ambazo sikuzila muhula ule, nilipokumbuka kwamba masikio yanayohusika hayakuwa yangu.

"Si mimi nitakayesikiliza," nikasema. "Ni mtu wa kwenye simu."

"Dem?"

"Ana ndevu na bunduki."

Akanitazama vizuri. "Basi pigia mtu yeyote simu, ucheze zote, akwambie."

Mtu yeyote. Nina kundi la darasa kwenye simu, na kila ninachoandika humo kinajibiwa kwa vichwa vinavyolia machozi ya kicheko. Nikashuka kwenye majina, nikapanda, nikashuka tena. Mwisho nikampigia ninayekaa naye dawati moja. Alipokea akiwa tayari anacheka.

"Haya, leta."

"Sikiliza tu. Napiga mara tatu, uniambie ipi inasikika vizuri."

"Uwiii! Ngoja niweke spika, ndugu zangu wasikie!"

Nikapiga. Upande wa pili kulikuwa na vicheko vya watu nisiowajua. "Ipi sasa?" nikauliza.

"Zote zimeniua!" akasema, akakata.

Nikajaribu msichana mmoja wa darasani, mpole, anayenikopesha kalamu. Yeye hakucheka. Alisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akauliza kwa upole, "Enhe, na mwisho wake?" Alikuwa anasubiri sehemu ya kuchekesha. Nilimwambia mwisho haujafika.

Nikampigia mama. Alinong'ona, "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama, nilitaka tu usikilize..."

"Basi atakufa mmoja nikirudi."

Niliweka simu kwenye kaunta. Mkenya alijifanya anapanga nyuzi kwenye pakiti zake. Baada ya muda akavuta shingo. "Nipe namba yako."

Akanipigia, akateremka ngazi na simu sikioni mpaka barabarani, akasimama karibu na boda wanaosubiri abiria. Nilimwona kutoka dirishani, mdogo, kidole kimoja kwenye sikio la pili.

"Anza."

Nikapiga kwa nailoni. "Hiyo ni mtu anakata kucha. Ingine."

Nikapiga kwa ya kahawia, taratibu, kwa heshima zote. "Aii! Hiyo inanidunga sikio. Ingine."

Nikachukua ya pembe. Pale dukani sauti yake ilikuwa nzito, imefifia, kama mtu anayeongea na muhogo mdomoni. Nilipiga nusu yangu yote ya wimbo.

"Uko?" nikauliza.

"Niko. Rudia." Nikarudia. "Hiyo sasa naskia wimbo," akasema.

Alipopanda, nilikuwa bado nimeishika ile ya kahawia. Niliirudisha kwenye kikopo, nikasogeza ya pembe.

"Lakini hapa ndani hiyo ni mbaya," akasema, kwa haki.

"Hapa ndani hakuna mtu."

"Na mimi je? Mimi ni ngoma?"

Jumapili baba alipiga saa nane. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikavuta pumzi, nikapiga nusu yangu kwa ile sauti ya muhogo. Nilipomaliza nikaitazama simu. Nikadhani mtandao.

"Baba?"

"Hapo katikati," akasema, "kidole ya tatu umeweka wapi?"

"Uzi wa pili."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi sifundishi takataka. Rudia."

Nikarudia. "Hapana," akasema. Nikarudia tena. "Hapana! Kijana, unalala? Unakimbia wapi? Wimbo haikimbizwi na mtu." Nyuma yake mtu alicheka, naye akamnyamazisha. Kumbe nilikuwa nimeukosea muda wote, Jumapili zote zile, na hakuna aliyejua. "Tena. Kidole ya tatu, uzi wa tatu. Kutoka mwanzo." Vidole vilikuwa vinawaka. Uso uliniwaka pia, na nilishukuru kwamba hakuweza kuniona.

Nusu ya pili hatukuigusa. Alikuwa katikati ya kunifokea kuhusu kidole gumba wakati sauti yake ilipoanza kukatikakatika, kisha ikapotea. Nilisubiri. Simu ikajizimia kioo.

"Ndiyo, afande," nikaiambia.

Mama angerudi jioni. Nikasogeza kidole cha tatu kwenye uzi wa tatu, nikapiga. Kweli, hapo ndipo palikuwa pake. Nikapiga tena.