Nilivyobeba Tumbo Langu Mpaka Kampala

Ule mwaka Bunia yote ilikula muhogo wa kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu barabara ya Komanda ilikuwa imefungwa na mchele umekuwa chakula cha harusi. Ndio mwaka tumbo langu lilifunga. Siku nne hakuna kitu kilichotoka, hata upepo. Nilivimba kama ngoma, nikatapika kijani, na wanganga wa hospitali ya hapa Bunia wakanipasua. Walikata kipande cha utumbo, urefu wa kidole changu cha kati, wakashona kilichobaki, na mimi nikaamka. Wengi hawakutegemea. Mke wa mwanangu alikuwa amekwisha kufumua nywele kwa ajili ya matanga yangu. Aliona haya, akasuka tena.

Lakini watu waliokuja kuniona hawakuuliza kama nimepona. Waliuliza nani alinipa. Kwetu tumbo la mtu mzima halifungi bure. Tunasema ni karuho, sumu ambayo mtu anakutilia mu chakula ao mu kinywaji, unakauka pole pole mpaka unakwisha. Na siku ile tumbo lilipofunga nilikuwa nimekula sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki ya Mama Janeti.

Mama Janeti iko rafiki yangu. Ni mjane, mtu wa Mahagi, anauza samaki ya ziwa, mimi nauza unga wa muhogo. Meza zetu sokoni zinagusana tangu miaka kumi na mbili, na nyumba yake iko ya tatu kutoka kwangu. Mwanangu wa kwanza, Mumbere, alikwenda kwa wazee wa avenue, mtaa wetu, akasema mama yake amelishwa. Wazee wakasema tungoje. Munganga alikuwa ametia kile kipande changu mu kichupa chenye maji ya dawa, akasema hapa hakuna mashine ya kukiangalia kama ni kansa ao kitu kingine, kipelekwe Kampala, na mimi mwenyewe niende kule wanipige picha ya ndani, maana maumivu yalikuwa hayajaisha. Basi wazee wakakata neno: kichupa kikisema sumu, Mama Janeti atahama avenue.

Alikuja hospitalini na uji. Mumbere alimrudisha mlangoni. Mimi nilikuwa macho, nilisikia namna alivyokuwa anaomba aniachie hata salamu. Niligeuka upande wa ukuta. Naandika yote, hata lile la haya: na mimi nilikuwa na wazo lile lile la Mumbere.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda gari ya Mahagi, mimi na binti yangu Kavira. Kavira ni fundi wa kushona, ana miaka arobaini na mdomo wa watu wawili. Alikuja kuwa garde-malade wangu, kwa sababu mgonjwa wa kwetu hatembei bila mtu wa kumpikia na kumgombeza. Alinifunga kitenge tumboni, nguvu kama mtu anafunga mzigo juu ya baiskeli, akanipa mto nikumbatie. Kichupa nilikitia mu kikapu, kati ya magoti yangu. Alitaka kukibeba yeye. Nilimwambia tumbo ni langu, nimelibeba miaka sitini na nane, siwezi kushindwa safari ya mwisho.

Kutoka Iga kwenda mbele barabara ni mashimo yanayoshikana mikono. Kila shimo nilikuwa naona nyuzi za munganga zinahesabiana mu tumbo. Kwenye bariera moja askari alisema tushuke wote, akaingiza mkono mu kikapu changu, akatoa kichupa, akakiinua juu kwenye jua. Akauliza ni dawa gani ile mama anaficha.

"Ni tumbo langu, mutoto. Wanganga walilikata."

Aliangalia kichupa, akaangalia mimi, akafunga kizibo nguvu zaidi kuliko kilivyokuwa. Akakirudisha mu kikapu na mikono miwili, kama mtu anarudisha mtoto wa watu. Tukapita bila kulipa kitu. Dereva alisema kuanzia leo atakuwa anatembea na kichupa.

Jioni tulifika Mahagi. Baridi ya Mahagi inakuingia mu mifupa, na mimi sikuwa na mafuta tena mwilini ya kuizuia. Tulilala kwa Mama Veronika, mteja wa Kavira wa zamani, mama mnene, Mkatoliki wa rozari shingoni. Alituwekea maji ya moto, akanipa kiti chenye mgongo, akaleta uji wa ulezi mu kikombe cha bati. Mbele ya kunipa, alipiga funda moja, akameza, akafuta mdomo wa kikombe, ndipo akaninyooshea. Hiyo ndiyo desturi yetu siye wote wa hizi pande. Anayetoa anaonja kwanza, mgeni aone kama hakuna kitu ndani.

Kavira hakuweza kukaa kimya. Alimwambia Mama Veronika habari yote, kichupa, sombe, samaki. Akasema jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelisikia likisemwa kwa sauti: ile miaka yote, Mama Janeti hakuonja hata siku moja mbele ya kumpa mama chakula.

"Na mama yako," Mama Veronika aliuliza, "yeye alikuwa anaonja mbele ya kumpa mwenzake?"

Kavira alinitazama. Nilisema hapana, tulikuwa tunakula sahani moja.

"Basi mulikuwa mutaonja ya nini? Munaonja mbele ya mugeni." Akachukua kikombe changu kilichokuwa tupu, akaenda kuosha. Hakusema tena habari ile, alituuliza bei ya vitenge Bunia. Lakini mimi nililala nikiona mikono miwili mu sahani moja, wangu wenye unga, wake wenye harufu ya samaki.

Siku ya pili, mpaka wa Goli. Pale hakuna mkubwa, kila mtu anavuka kwa miguu. Upande wetu waliangalia karatasi, upande wa pili wakanielekezea kifaa cha joto kwenye paji, wakaniosha mikono, wakaomba kadi ya chanjo. Nilitembea pole pole, mkono mmoja tumboni, mwingine kwa Kavira. Kijana mmoja wa kusukuma mizigo alisema nipande mu toroli lake juu ya magunia. Nilimuuliza kama anaona mimi ni maharagi. Nilivuka kwa miguu yangu, na upande wa pili nikakaa chini kwenye vumbi kwa sababu miguu ile ile ilikuwa imekwisha.

Kule Uganda magari yanatembea upande wa kushoto. Hakuna aliyeniambia. Basi yetu ilipotoka Nebbi niliona lori linakuja mbele yetu, na siye tuko upande ambao kwetu ni wa kifo. Nilifunga macho, nikasema Bwana, ulinipasua Bunia ili uje kuniua huku? Lori likapita. Likapita na lingine. Nikafungua jicho moja. Barabara ilikuwa lami tupu, laini kama ugali uliosongwa vizuri, na mto wangu ulianguka chini bila mimi kujua, maana hakukuwa na shimo la kuukumbatia. Pale daraja la Pakwach niliona Nile, maji mengi yanayokwenda bila kelele. Hapo nilikula mara ya kwanza na hamu, tangu kupasuliwa. Ilikuwa muhogo tena, wa kuchoma, lakini wa kwao.

Kampala tulifika jua linazama. Ule mji ni vilima vyenye watu juu ya watu, na pikipiki zinapita mpaka kwenye mawazo yako. Tulikaa kwa mama mmoja wa Beni anayepangisha vyumba. Asubuhi yake nilipeleka kichupa mwenyewe mpaka dirishani. Msichana wa pale aliandika jina langu juu yake, vibaya, nikamwomba arudie. Kama wangenichanganya na tumbo la mwingine? Kisha wakanilaza mu mashine, wakanipiga picha, wakasema turudi baada ya wiki.

Hiyo wiki sikuomba kupona. Niliomba kitu kibaya zaidi, na nakiandika ili nitoke nacho. Siku ya kwanza niliomba iwe sumu, kwa sababu sumu watu wanasema inatoka ukitapishwa, lakini kansa inarudi. Nilikuwa tayari kumpa Mama Janeti ili mimi nibaki. Siku ya tatu nilijiona mu kioo cha yule mama wa Beni, mzee mwenye shingo kama kuku wa kunyonyolewa, nikajiuliza: mtu huyu anaomba nini?

Munganga alikuwa mwanamke, kijana, viatu vyake safi kupita kiasi. Muuguzi mmoja wa kutoka Aru alitafsiri. Alisema si kansa. Nilimwomba arudie, akarudia. Alisema ni TB, kifua kikuu, lakini chenyewe kilikuwa kimeingia mu matumbo. Vidonge vya miezi mingi, bila kuruka hata siku, navyo nitavipata Bunia. Nitapona.

Kavira alianza kulia. Mimi nilikuwa bado na swali langu. Nilisema amuulize kama mtu anaweza kukutilia ugonjwa ule mu chakula, mu sombe kwa mfano, na samaki.

Munganga alitikisa kichwa. Alisema kile kitu kilikaa ndani yangu miezi mingi kikikua, sombe ya siku moja haifanyi vile, na hakuna sumu iliyoonekana ndani ya kichupa. Kisha akauliza kama nakunywa maziwa.

Kama nakunywa? Kila Jumapili Mumbere alikuwa ananiletea bidon kutoka upande wa Irumu.

"Munayachemsha?"

Nilimwambia maziwa ya kuchemsha yamekufa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza mke wa Mumbere kuyaweka motoni. Nilimtukana hata, nikamwambia anapika maziwa kama mtu asiye na mama.

Munganga alisema hawezi kuapa. Inaweza kutoka kwa maziwa mabichi, inaweza kutoka kwa mtu aliyenikoholea. Lakini tuchemshe, na watu wa nyumba wote wapimwe. Nilicheka. Nilicheka mpaka kovu likavuta na Kavira akasema basi, mama, utapasuka. Mtu aliyenilisha alikuwa mtoto wangu, kwa upendo, na amri ilikuwa yangu. Tulipotoka nilikula ndizi zao za kuponda na mchuzi wa karanga, sahani mbili.

Jioni ile tulipigia Mumbere simu. Alimshukuru Mungu sana. Kisha akasema wanganga wa kule wasomi, lakini karuho hawaijui, karuho haionekani mu mashine. Nilimwambia habari ya maziwa. Simu ikakatika, ao aliikata.

Hapo nilijua karatasi haitamsaidia Mama Janeti. Nilikuwa nayo mu kifua changu, na stempu, lakini avenue yetu haisomi stempu.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Lami, Nile, Goli. Safari hii nilivuka bila kushika mtu, na yule kijana wa toroli akanipigia saluti. Mahagi Mama Veronika alinipa uji, na mimi nikasikia ladha yake. Barabara ya kwenda Bunia haikuwa imejaza hata shimo moja kwa heshima yangu, lakini mto nilimpa Kavira aulalie.

Tulifika nyumbani Jumamosi mchana. Kiwanja kilikuwa kimejaa: wamama wa kanisa, wazee wa avenue, wajukuu waliokuwa wanataka kuona kovu la koko yao. Waliimba, nikaonyesha kovu mpaka pale inapofaa. Niliinua karatasi, Kavira akaeleza yale muuguzi wa Aru alitutafsiria, watu wakaitika amina kwa sauti ya watu wanaofikiri jambo lingine. Mke wa Mumbere alikuwa amekwisha kuwasha moto chini ya sufuria ya maziwa. Hakunitazama, mimi ndiye niliyemwambia alikuwa na haki.

Kisha Mama Janeti akaja. Alisimama nje ya ua, sufuria kichwani. Alikuwa amekonda kuliko mimi niliyepasuliwa. Kavira aliniambia baadaye kwamba ule mwezi wote sokoni wanunuzi walikuwa wanamlazimisha atafune samaki mbichi mbele yao ndipo wanunue.

Nilimwita kwa sauti aingie. Akaingia, akaweka sufuria chini mbele yangu. Ilikuwa sombe na samaki.

"Ulizeeka vibaya huko," aliniambia. "Hawakukupa hata mafuta?"

"Na weye ulikufa bila kuniambia?"

Alicheka kidogo, mdomo peke yake. Nilimwambia kwamba ile siku ya uji nilikuwa macho. Alisema alijua, aliona mguu wangu ukitikisika chini ya shuka.

Mke wa Mumbere alileta ugali na sahani. Mama Janeti alipakua. Watu wote wakageukia sahani, hata watoto. Mumbere alisogea, mwanangu, mkubwa wa nyumba, macho chini kwa sababu ya maziwa, lakini akasema bado: aonje kwanza, mama. Ni desturi tu, haimuumizi mtu.

"Hapana," nilisema. "Hapa hakuna wa kuonja. Mikono miwili inaingia mu sahani mara moja."

Mumbere aliangalia wazee. Mzee mmoja alikohoa. Ndipo Mama Janeti mwenyewe akanyoosha mkono kwenye sahani, haraka, kama mtu anayetaka mambo yaishe.

"Acha nionje, mama," alisema pole pole. "Nimekwisha kuzoea."

Nilimshika mkono ule kabla haujafika.

"Hapana. Hapa hakuna wa kuonja. Mikono miwili inaingia mu sahani mara moja."