Jua Halisomi Kalenda

Siku moja ya Septemba bado naikumbuka, mwanangu, na kila inaponijia hukosa pa kuiweka mikono yangu. Nilikuwa Doha, miaka michache kabla ya elfu mbili na kumi, kijana wa miaka thelathini kutoka Makueni, na nilikuwa na wiki tatu tu tangu nipandishwe cheo. Nilisimamia askari kumi na wawili waliolinda uwanja wa ujenzi wa shule huko Muaither, Wakenya na Waganda. Waliniita Supa, kifupi cha msimamizi kwa Kiingereza. Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Mimi nilikivaa kama kofia mpya.

Pale kazini palikuwa na mhandisi wa usalama, mama wa Kijerumani aliyekaribia miaka sitini, jina lake Gerda. Alipanga chumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la viungo, na kila asubuhi alifika na chombo kidogo cha kupimia joto na unyevu, amekitundika shingoni kama rozari. Kila saa alikitazama, akaandika daftarini. Sisi tulimcheka. Tulisema Wajerumani huogopa jua kama paka aogopavyo maji.

Unyevu wa Ghuba, mwanangu, usiuombe. Waarabu huuita rutuba, neno ambalo kwetu ni neema ya shamba. Kule ni hewa nzito inayozuia jasho lisikauke, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Madamu Gerda alilijua hilo. Aliweka amri kwamba chombo kikivuka mstari mwekundu, hakuna askari atakayesimama langoni zaidi ya nusu saa. Aingie kivulini, anywe maji, mwenzake ashike zamu. Aliandika pia hatua za kumsaidia aliyezidiwa na joto, akanipa karatasi nikaitundika ukutani. Sikuisoma.

Septemba ilipoingia nilimwendea. "Madamu, marufuku ya serikali ya kufanya kazi juani mchana imekwisha na Agosti," nikamwambia. "Sasa tunaweza kurudi kwenye zamu ndefu."

Alinitazama bila hasira. "Jua halisomi kalenda, Mutua. Fuata chombo."

Mwenye masikio haambiwi sikia, lakini ya kwangu yalikuwa yamezibwa na sifa. Siku hiyo wageni wa mwenye mradi walikuwa waje kukagua, naye Gerda alikuwa kwenye mkutano mtaa wa Al Sadd. Nilitaka lango lipendeze. Nikamweka Wasswa, Mganda wa Masaka, mrefu, mtulivu, niliyelala naye chumba kimoja. Nikamvisha koti la sherehe na kofia, nikamwambia asiondoke mpaka wageni wapite.

Wageni walichelewa. Nilipita langoni mara mbili nikiwa ndani ya pikapu yenye baridi. Mara ya pili niliona midomo yake imepauka. Akanipigia saluti. Nami nikapita.

Baadaye redio ikasema, "Supa, Wasswa ameanguka."

Nilimkuta chini, ngozi inachoma, akisema Kiganda na watu wasiokuwepo. Nilisimama kama mti. Bahati gari la Gerda lilikuwa likiingia. Alipiga magoti mchangani palepale, akamvua koti, akaagiza maji na barafu ya kantini. Akamlowesha mwili mzima, akamwekea barafu shingoni na makwapani, huku askari wawili wakimpepea kwa vipande vya mbao nyembamba. Aliita ambulensi, akamtuma mmoja barabarani aielekeze. Askari walijua la kufanya, maana wao walikuwa wameisoma ile karatasi.

Alasiri tuliketi kwenye benchi la hospitali. Daktari alisema ataishi, ila figo zimeumia na atalazwa. Nikaanza kumwomba Gerda msamaha.

"Usiniombe mimi," alisema. "Mwenyewe yuko chumba cha pili." Kisha akanieleza habari ambayo sikuitarajia.

Mama yake alikuwa akiishi peke yake katika mji mdogo Ujerumani, ghorofa ya nne, chini ya paa. Kikaja kiangazi cha joto ambalo watu wa kule hawakulizoea. Gerda alikuwa kazini nchi ya mbali, akampigia simu. Mama akamjibu, "Ni joto tu, mwanangu, usijisumbue." Naye hakujisumbua. Siku mbili baadaye jirani alimkuta kitini, ameaga dunia.

"Tulilia," alisema. "Halafu tukakutana, tukaandika orodha."

Nikamwuliza orodha gani. Akaniambia mtaa mzima ulikaa kwenye ukumbi wa kanisa ukaandika jina la kila mzee anayeishi peke yake, na mbele yake jina la jirani atakayemgongea mlango joto likizidi. Kaka yake aling'oa mawe ya uani akapanda miti. Wengine waliweka mitambo ya umeme wa jua mapaani. Walibishana miaka mitatu juu ya kupanda miti kando ya barabara moja, kwa sababu ingekula nafasi za kuegesha magari, na mwishowe ikapandwa.

Nilistaajabu. Mimi nilidhani woga wao ni udhaifu. Kumbe walikuwa wameuchukua wakaufanyia kazi, kama mkulima anayeona wingu akaanza kuzibua mifereji kabla ya tone la kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni yetu, lakini siku ile niliiona ikifuatwa na mgeni.

Sisemi kwamba Wajerumani ni malaika. Nilimwuliza kwa nini, kama dunia inapata joto kwa kuchoma mafuta na gesi, yeye alifuata mshahara kwenye nchi ya gesi. Hakukwepa. "Swali hilo hunisumbua," alisema. "Na kaka yangu aliyepanda miti huendesha gari kubwa kwa kasi ya kutisha. Hatujamaliza hata kidogo. Lakini asiye msafi pia anaweza kufagia."

Kisha akainuka. "Ripoti nimeandika kama ilivyokuwa, na jina lako limo. Nimeomba usifukuzwe. Kesho chombo hiki utakishika wewe."

Niliingia kwa Wasswa. Nikamwambia kweli yote, kwamba nilimwona na nikapita. Aliinua macho darini.

"Mimi pia nilikuona," akasema polepole. "Ningeweza kuketi. Lakini nilikuogopa wewe kuliko jua."

Mwanangu, nimekemewa na wengi maishani, ila hakuna aliyenikata kama mgonjwa yule aliyesema bila kinyongo. Alilazwa siku tisa, akapona, akarudi kazini, na tukaendelea kupika sufuria moja. Kwa miaka minne iliyofuata nilizunguka na kile chombo kila nusu saa, na wapya waliokuja wakanicheka mimi. Niliwaacha wacheke wakiwa kivulini.

Basi nasaha yangu ni hii. Dunia hii mnayorithi ina joto kuliko niliyozaliwa nayo, na mvua imesahau majira yake. Usione haya kuogopa, ila woga wako usikae bure. Upe daftari, upe majina ya watu, upe mti wa kupanda. Mjue mzee wa jirani anayeishi peke yake, na umgongee mlango, hata akisema ni joto tu. Ukipewa cheo, usiwe mtu ambaye walio chini yako wanamhofia kuliko hatari yenyewe. Na ukimwona mtu midomo imepauka, simamisha gari.

Mungu akupe kivuli mchana na maji yasiyokatika. Akupe masikio mapema kuliko nilivyopewa mimi, na akujalie marafiki watakaokusamehe ukikosea, nawe uwe mwepesi wa kuwasamehe. Nenda salama, mwanangu.