Siku Niliyoihubiri Redio Kwenye Mazishi ya Magesa

Butiama siku hizi napita vioo vya gari nimefunga, mimi ambaye nilikuwaga nikifika senta lazima nishuke nisalimiwe, na sababu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: niliharibu mazishi ya Magesa.

Magesa alikuwa fundi redio Bunda, mimi nauza samaki Murangi (darasa la nne sikumaliza, na leo nina nyumba tatu Kigera), akaniambia ana kasha la kanda za roki aliloachiwa na mzungu mmoja, tukifungua redio ya muziki huo, mkoa wa Mara mzima hakuna wa kutuiga. Hela zangu, mikono yake. Watu walituita redio ya mashetani, baadaye wakazoea, mpaka wavuvi wakawa wanavuta nyavu na magitaa yale masikioni. Tukaenda hivyo miaka mingi, halafu ini likamchukua Magesa.

Mjane wake, Mama Neema, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, historia ya marehemu. "Shemeji, uisome wewe, alikuwa anakupenda."

Sasa mimi kusoma mbele za watu nafuata maneno kwa kidole, tena taratibu, na nilikuwa nimeagiza mazishi yaruke redioni moja kwa moja, mkoa mzima unasikiliza. Nikaona aibu. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikasema nitaongea ya kichwani.

Nilianza na Magesa, kweli, nikasema alizaliwa hapa Butiama, halafu nikafika kwenye redio na mdomo ukapata lami, ukateleza kama gari lisilo na breki. Nikaeleza nilivyouza boti nikanunua mtambo, nilivyobishana na maofisa, nilivyousimamisha mnara (aliyepanda ni yeye, mimi nilishika kamba chini), nilivyochagua roki ya kwanza kusikika Musoma. Mshereheshaji akanivuta koti. "Bosi, karatasi." Nikamwambia ngoja, naja huko. Bibi mmoja wa mbele akamuuliza mwenzake, wala hakunong'ona, "Kwani leo tunazika nani, redio au Magesa?" Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachokatika katikati, mimi nikadhani wamenogewa, nikaongeza.

Mvua ikatokea upande wa ziwa. Padri akaangalia saa, alikuwa na maziko mengine Nyamuswa, akasema historia imetosha, twende kaburini. Nikashuka sijamtaja mke, sijataja watoto wanne, wala kwaya aliyokuwa akiipigia gita kila Jumapili.

Jioni nikamrudishia Mama Neema karatasi yake, imelowa pembeni. Hakuipokea.

"Kaa nayo, shemeji. Waliotakiwa kuisikia wameshaondoka."

Nimeisoma nyumbani, kwa kidole, ikanichukua siku mbili. Mambo ya redio yako mwishoni, mistari miwili tu: kwamba Magesa aliwaambiaga wanawe redio ile ni jasho la rafiki yake, na rafiki huyo nimeandikwa mimi, kwa jina langu kamili. Yaani sifa niliyosimama kuililia mbele ya jeneza la mtu, alikuwa ameshanipa, nilikuwa nayo mfukoni.

Kipaza sauti cha msibani sishiki tena. Na ikitokea nimelazimishwa, nitaisoma karatasi niliyopewa, neno kwa neno, kidole juu yake, wanaocheka wacheke.