Fundi Aliyekatazwa Kushiba

Wabwile alifika Chwele, Bungoma, kumposa Nekoye tumbo likiwa limeshikana na mgongo, na tumbo hilo nusura limharibie posa.

Alikuwa fundi wa injini katika meli ya ziwani kule Kisumu, miaka michache kabla ya vita vya pili. Fundi, wee! Injini ikigoma katikati ya maji anaitwa fundi. Siku ya mshahara anageuka boi. Na upuuzi haukuishia hapo. Ndani ya meli kuna boila, dude la chuma la kuchemshia maji, na kabla halijapoa vizuri lazima mtu ajipenyeze ndani akwangue magamba yaliyoganda. Tundu la kuingilia ni dogo. Basi mkubwa wao akatengeneza pete ya chuma yenye upana uleule, na kila anayetoka likizo anavuliwa shati, anapitishwa kwenye pete, wenzake wakitazama. Ukikwama tumbo, ufundi wako umekwisha. Unapelekwa kubeba makaa kwa nusu mshahara. Ptuu! Watu wazima hao, wenye mke na watoto.

Wabwile alipita miaka yote sita ya kazi yake. Alikula mara moja kwa siku, tena unga wa posho wenye wadudu. Aliichukia pete, na alijichukia zaidi kwa vile siku hizi alikuwa anabana tumbo hata kabla hajaambiwa.

Sasa yuko kwa baba yake Nekoye, Mzee Mukhisa, na jogoo amechinjwa. Huko Bungoma kuku wa mgeni haachwi, sembuse mgeni wa posa. Shangazi Rispah akaweka ugali, akaweka nyama, firigisi juu kabisa. Wabwile akamega matonge mawili, akaomba maji ya kunawa.

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini, upepo?" Rispah akauliza. "Ama kuku yetu inanuka?"

Mukhisa hakupandisha sauti. "Mtu hakuli kwangu, halafu ati anataka msichana yangu. Kijana, chukua kofia yako uende."

Wabwile alimtaka Nekoye kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Ikabidi aseme. Akawaeleza pete, boila, hata kule kubana tumbo, macho yake yakiwa chini kwa aibu.

"Likizo inaisha Jumatatu, baba. Nikinenepa, kazi imeenda."

Mukhisa akatema mate kando. "Hata ng'ombe sokoni hatupimi namna hiyo! Wewe ni fundi, ama ni kitambaa ya kusugua sufuria? Kula. Ama rudi kwa pete yako, na hapa usikanyage tena."

Hasira ikampanda Wabwile, na wala haikuwa kwa mzee, ilikuwa kwa ile pete. Akavuta sahani. Akala firigisi, akala paja, akapiga ugali tonge juu ya tonge, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Siendi tena," akasema mdomo umejaa. "Kitale kuna kinu cha kusaga mahindi kinatafuta mtu wa injini. Pesa ni kidogo, lakini nitaingia kazini na shati yangu."

Rispah akapiga vigelegele. Havijaisha, Wabwile akashika tumbo, akakimbilia mlango, asiufikie. Akatapika pale pale kwenye sakafu iliyosiribwa asubuhi kwa ajili yake, mbele ya wakwe.

"Uuwi! Ametutapikia!" Rispah akapiga yowe.

Akabaki amepiga magoti, akijionea kinyaa. Kazi ameiacha, na bado tumbo lake linamtii mkubwa wa meli! Akangoja kufukuzwa.

Nekoye akatoka jikoni na jivu bila kutumwa. Akafunika matapishi, akayazoa, akanawa. Kisha akaketi karibu na Wabwile, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee, akachambua nyama ya shingo vipande vidogo sana.

"Pole pole," akamwambia. "Hapa hakuna mtu anakupima."

Mukhisa akageuza uso, akaagiza mkwe apikiwe uji.